Otoklevu haioshi: kutakasa vifaa vya meno na tiba kuanzia kwenye sinki

Tepi ya pakiti ikishatoa mistari myeusi, kliniki nzima huridhika. Lakini tepi ile inashuhudia jambo moja tu: pakiti imepita kwenye joto. Haijui kama mvuke ulipenya hadi ndani ya bawaba ya koleo la kung'olea meno. Haijui kama joto lilidumu kwa dakika zinazotakiwa. Wala haijui kama damu iliyokauka kwenye midomo ya koleo hilo ilisuguliwa au iliachwa. Hayo ndiyo yanayoamua kama kifaa kiko salama, na mengi yake huamuliwa kabla mfuniko wa otoklevu, chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke wenye shinikizo, haujafungwa.

Haya nayaandikia zahanati, vituo vya afya na kliniki za meno ambako otoklevu ni ile ya sufuria inayokaa juu ya jiko, au ya mezani yenye tangi la lita 18 au 23. Hospitali kubwa zina chumba cha utakasaji chenye watu wake na mashine zake. Kwingine kazi hii hubebwa na muuguzi yuleyule anayehudumia wagonjwa, au na msaidizi aliyeelekezwa harakaharaka siku ya kwanza kazini. Huyo ndiye ninayemfikiria ninapoandika.

Kwanza tukubaliane kipi kinahitaji nini. Earle Spaulding, mtaalamu wa vijidudu wa Marekani, alivigawa vifaa kulingana na hatari yake kwa mgonjwa, na mgawanyo wake unatumika hadi leo. Kinachopenya ngozi au kuingia kwenye damu, mfupa na tishu za ndani lazima kitakaswe, yaani vijidudu vyote vife hadi spora, zile mbegu ngumu za bakteria: koleo, eleveta ya kulegeza jino, mikasi ya upasuaji, vikwangulio vya ugaga, faili za kusafishia mzizi wa jino. Kinachogusa utando laini wa mdomo bila kuupenya, kama kioo cha mdomoni, nacho kitakaswe maadamu kinastahimili joto. Dawa kali ya kuua vijidudu ni ya vile visivyostahimili. Kinachogusa ngozi isiyo na jeraha tu, kama mkanda wa kupimia presha, kinatosha kuoshwa na kupanguswa kwa dawa. Hendipisi ya drili, kile kishikio kinachozungusha kichwa cha drili, ndiyo inayoleta ubishi. Wengi huipangusa kwa spiriti na kumwingiza mgonjwa anayefuata. Haitoshi, kwa sababu inapozimwa huweza kuvuta mate na damu kuingia kwenye mirija yake ya ndani, mahali ambapo kitambaa cha spiriti hakifiki. Itakaswe kwa joto baada ya kila mgonjwa, na kliniki inunue hendipisi za kutosha ili jambo hilo liwezekane.

Ndoo ya klorini

Wafanyakazi wengi wa afya Afrika Mashariki wamefundishwa ndoo tatu: klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kisha maji ya sabuni, kisha maji safi. Mazoea haya yamekita mizizi hata mtu akiyagusa anaonekana mzembe. Lakini mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuchakata upya vifaa tiba, na mwongozo huo haupendekezi kuloweka vifaa kwenye klorini wala dawa nyingine ya kuua vijidudu kabla ya kuviosha.

Sababu zake zinaeleweka ukiitazama ndoo yenyewe ifikapo mchana. Damu na protini humaliza nguvu ya klorini, kwa hiyo kadiri vifaa vinavyoongezeka ndivyo dawa inavyobaki kuwa maji machafu yenye harufu ya dawa. Anayevitoa humo hudhani vimeshakuwa salama, akavishika kwa glavu nyepesi za uchunguzi. Na chuma kinaumia. Chuma kisichoshika kutu kinalindwa na tabaka jembamba sana la oksidi ya kromiamu, na klorini hulitoboa tabaka hilo. Vishimo vidogo hutokea, hasa kwenye bawaba na kwenye vijino vya kushikia, kutu huanza humo, na damu hujificha humo mahali ambapo brashi haiingii.

Kama mwongozo unaosimamia kituo chako bado unaagiza klorini, basi dakika 10 ziwe 10. Vifaa vilivyolala humo usiku kucha vimeharibiwa. Chombo kiwe cha plastiki, dawa ichanganywe upya kila siku na mapema zaidi ikichafuka, na vifaa visuuzwe mara tu vinapotoka. Kazi halali ya klorini ya asilimia 0.5 ni damu iliyomwagika sakafuni au mezani. Kuichanganya, gawanya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kwa nguvu unayoitaka, kisha toa 1. Jibu ni vipimo vya maji kwa kila kipimo 1 cha dawa. Jiki ya asilimia 3.5 inahitaji vipimo 6 vya maji, na ya asilimia 5 inahitaji vipimo 9. Soma lebo kila unaponunua chupa mpya, maana nguvu hutofautiana, na chupa iliyokaa juani hupungua nguvu bila kuonekana.

Kutu si suala la sura ya kifaa. Mwaka 2013 katika kliniki moja ya upasuaji wa mdomo huko Tulsa, Oklahoma, wakaguzi walikuta vifaa vyenye madoa ya kutu katika seti iliyotengwa kwa wagonjwa waliojulikana kuwa na maambukizi, na otoklevu ambayo haikuwa imepimwa kwa spora kwa miaka 6. Takriban watu 7,000 waliitwa kupimwa, na uchunguzi wa vinasaba ukathibitisha kwamba virusi vya homa ya ini C vilihama kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine klinikini hapo. Makosa yalikuwa mengi, ya dawa za sindano yakiwemo, kwa hiyo siwezi kuvitwisha vifaa lawama yote. Ninachokisisitiza ni ile seti ya pembeni. Kutenga vifaa vya "wale wenye ugonjwa" ni kudhani kwamba wengine hawana, na wengi wenye homa ya ini B au C hawajui kama wanayo. Virusi vya homa ya ini B huweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Kila kifaa kipite njia ileile, awe mgonjwa ni nani.

Kwenye sinki

Uoshaji unaanzia kando ya kiti cha mgonjwa. Aliyetumia sindano ndiye aitoe na kuitupa kwenye boksi la usalama, kwa sababu ndiye anayejua iko wapi. Asimwachie msaidizi aigundue kwa kidole. Pangusa damu nyingi kwa gozi yenye unyevu, weka vifaa kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, vifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji au povu la enzaimu, visikauke. Usitumie maji ya chumvi ya dripu kuvilowesha. Chumvi ni kloridi, nayo hula chuma kama klorini.

Anayeosha avae glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopenya maji, miwani au ngao ya uso, barakoa na viatu vilivyofunika vidole. Awe amekamilisha dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B. Akichomwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, aripoti papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake.

Maji ya kuoshea yawe ya uvuguvugu, chini ya nyuzi 45. Maji ya moto hugandisha protini, na damu ikaing'ang'ania chuma kama ute wa yai kwenye kikaango. Pima sabuni kwa mililita kwa lita kama chupa inavyoagiza. Sabuni ya unga ya kufulia ina chembe zinazokwaruza na huacha mabaki, na sabuni ya kuogea huacha utando wa mafuta. Sabuni ya enzaimu ndiyo bora; ikikosekana, ya maji isiyo kali itasaidia.

Sasa chukua koleo la kung'olea meno. Lifungue kadiri linavyofunguka, lizamishe, na usugue likiwa chini ya maji ili matone yasikurukie usoni. Tumia brashi laini ya nailoni, kamwe si chuma cha kusugulia masufuria. Anzia ndani ya midomo yake, kwenye mistari ya kushikia jino, ukisugua kufuata mistari badala ya kuikata. Njoo kwenye bawaba, upande huu na huu, ukilifungua na kulifunga mara kadhaa ndani ya maji huku ukitazama. Mara nyingi wingu la rangi ya kahawia hutoka pale ulipodhani pameshakuwa safi. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Malizia na mashikio, yale yenye michirizi ya kuzuia kuteleza, kwa kuwa glavu yenye damu ilishika hapo muda wote. Suuza kwenye maji yanayotiririka, kisha bonyeza gozi nyeupe yenye unyevu kwenye bawaba. Ikitoka na doa, rudia.

Maji ya kusuuza ya mwisho yana umuhimu ambao hauzungumzwi sana. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na maji ya maeneo mengi ya Dodoma ni magumu. Maji hayo yakikauka juu ya kifaa huacha madoa meupe, na mvuke huyakausha yakawa magamba. Suuza ya mwisho, na maji yanayotiwa ndani ya otoklevu, viwe maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini. Wapo wanaonunua maji ya betri dukani. Ni sawa kama ni maji kweli, lakini soma chupa, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo na mara nyingine kwa jina hilohilo.

Beseni la altrasoniki likiwepo linasaidia mno, hasa kwa faili za mzizi, vichwa vya drili na vifaa vyenye bawaba. Linatikisa maji kwa mawimbi hadi vipovu vidogo vinapasuka juu ya chuma na kubandua uchafu. Kabla ya kazi ya siku, liwashe dakika kadhaa likiwa na maji na sabuni tu ili hewa itoke. Weka vifaa kwenye kikapu chake, vyote vizame, viwe wazi, mfuniko ufungwe. Dakika 3 hadi 6 kwa vifaa vilivyo wazi, zaidi kama viko ndani ya kaseti, kile kisanduku chenye matundu cha kupangia vifaa. Badilisha maji kila siku, na mapema yakichafuka. Kulipima ni rahisi: ning'iniza kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni ndani ya maji kwa muda mfupi mashine ikifanya kazi. Vishimo vikienea sawasawa kwenye karatasi, liko sawa. Sehemu ikibaki laini, upande huo haufanyi kazi. Hendipisi haiingii humo isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kifaa chenye maji hulowesha pakiti kutoka ndani, na maji ndani ya mirija huzuia mvuke. Kisha kagua chini ya taa, na lenzi ya kukuzia ikiwepo. Mkasi ukate safi hadi nchani. Koleo lenye kufuli, lifunge kwenye jino la kwanza la kufuli, ligonge kidogo kwenye kiganja. Likifunguka lenyewe, lipeleke matengenezo kabla halijaachia mshipa wa damu. Chenye vishimo vya kutu kiondolewe kazini. Bawaba ngumu ipakwe mafuta ya vifaa tiba yanayochanganyika na maji. Mafuta ya cherehani hufunika chuma, na mvuke haupenyi mafuta.

Hendipisi

Kabla ya kuitoa kwenye waya wake, iendeshe ikitoa maji na hewa kwa sekunde 20 hadi 30 kuelekea kwenye sinki au kifyonzaji, ili kilichovutwa ndani kitoke. Toa kichwa cha drili. Osha nje kwa brashi na maji yanayotiririka bila kuizamisha, ikaushe, ipulizie mafuta yake kwenye tundu lililoelekezwa, kisha iendeshe kidogo ili yanayozidi yatoke. Hatua hii ya mwisho ikirukwa, mafuta huungua ndani ya otoklevu, beringi zikanata, na watu wakasema otoklevu ndiyo inayoua hendipisi. Ifunge kwenye bahasha, itakase, na iache ipoe yenyewe. Kuipoza kwa maji ya bomba kwa sababu mgonjwa anasubiri huvunja beringi na kuichafua upya kwa mpigo mmoja.

Faili za mzizi ziko kwenye mzozo wa muda mrefu. Uingereza iliagiza mwaka 2007 zitumike kwa mgonjwa mmoja tu, kwa sababu vile vijichirizi vyake havisafishiki kwa uhakika. Kwa kliniki yenye uwezo huo ndio ushauri wangu. Wanaozirudia, wazioshe kwa altrasoniki, wazikague moja moja kwa lenzi, na zilizopinda au kuanza kulegea nyuzi zitupwe. Sindano na katriji ya ganzi hazirudiwi kwa vyovyote, hata kama katriji imebaki nusu.

Kufunga

Bahasha yenye karatasi upande mmoja na plastiki upande wa pili isijae zaidi ya robo tatu. Bawaba ziwe wazi, ncha kali zifunikwe kwa kipande cha gozi au karatasi ili zisitoboe. Andika upande wa plastiki, kwa sababu wino na ncha ya kalamu huharibu karatasi ambayo ndiyo mlango wa mvuke: tarehe, namba ya mzigo, namba ya otoklevu kama ziko mbili, na jina la aliyefunga. Weka kiashirio, kile kikaratasi kinachobadilika rangi, ndani, katikati ya vifaa, mbali na ile tepi ya nje. Wanaotumia kitambaa wafunge tabaka mbili, kitambaa kifuliwe kila baada ya matumizi na kitazamwe kwenye mwanga kama kina matundu.

Hewa ndani ya sufuria

Hapa ndipo otoklevu nyingi za jiko zinapokosea huku geji ikionyesha kila kitu ni sawa. Mvuke mtupu kwenye shinikizo la pauni 15 kwa inchi ya mraba, usawa wa bahari, una nyuzi 121. Nusu ya hewa ikibaki ndani, geji itasoma pauni 15 zilezile lakini joto litakuwa nyuzi 112 hivi. Hewa isipotoka kabisa, joto hukaribia nyuzi 100. Geji inapima shinikizo tu, na hewa nayo inasukuma.

Kwa hiyo valvu ya kutolea hewa iachwe wazi mpaka mvuke utoke kwa nguvu bila kukatika, na uendelee hivyo dakika 5 hadi 10 kama kitabu cha mashine kinavyosema, ndipo ifungwe. Mvuke unaotoka kwa kukohoakohoa bado umebeba hewa. Hewa ni nzito kuliko mvuke, hutulia chini. Ndiyo maana mashine nyingine zina mrija unaoning'inia kutoka kwenye mfuniko, nao lazima uingizwe kwenye mfereji wake ubavuni mwa ndoo ya ndani ufike chini. Ukiachwa ukaning'inia juu, unatoa mvuke na kuacha hewa. Kwa sababu hiyohiyo risiva, yale mabakuli ya umbo la figo, na vibakuli vilazwe ubavu, kwani kikisimama kinashika hewa kama kingeshika maji. Bahasha zisimamishwe kwa ubavu, karatasi ya moja ikitazama plastiki ya nyingine, pawe na nafasi ya kupitisha vidole. Ndoo isishindiliwe. Wenye dramu za chuma wafungue matundu kabla na kuyafunga mara tu baada ya kukauka.

Walioko nyanda za juu wana jambo la ziada. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Mbeya karibu mita 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na geji huanza kuhesabu kutoka chini. Pauni 15 za Nairobi zinakupa takriban nyuzi 118. Ongeza nusu pauni kwa kila mita 300, yaani karibu pauni 3, ufike 18 kwenye geji ili upate nyuzi 121. Hakikisha kwanza kwamba mashine na valvu yake ya usalama vimeruhusiwa kufika huko. Kama havijaruhusiwa, fuata maelekezo ya mtengenezaji ya kurefusha muda. Valvu ya usalama isikazwe wala kuzibwa. Mashine yenye kipimajoto ifuatwe kwa joto, geji iwe ya kulinganishia.

Muda unahesabiwa kuanzia joto linapofikiwa. Kwenye nyuzi 121 ni dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa. Mashine zinazonyonya hewa kwa pampu hutumia nyuzi 134 kwa dakika 3 hadi 4. Umeme ukikatika dakika ya 25, au gesi ikiisha, zile 25 hazina thamani: anza upya kutoka 0 joto likisharudi. Vifaa visivyofungwa vitumike papo hapo. Kuvitoa na kuvipanga kwenye trei kwa ajili ya kesho ni kuvirudisha hewani.

Mashine za mezani zimegawanywa kwa herufi. Ya aina N ni ya vifaa visivyofungwa na visivyo na uwazi ndani. Ya aina B hunyonya hewa kabla ya mvuke kuingia, nayo inafaa hendipisi na pakiti. Muuzaji akikuuzia ya N kwa maneno kwamba "zote ni sawa," hendipisi zako zitakuwa zinapashwa moto tu.

Mzunguko ukiisha, subiri geji ifike 0, fungua valvu, legeza mfuniko na uache mwanya mdogo kwa dakika 30 ili pakiti zikauke kwa joto lake. Pakiti yenye unyevu imeshindwa, kwa kuwa karatasi iliyolowa huvuta vijidudu kutoka mkononi na mezani. Usiweke pakiti ya moto juu ya meza baridi ya chuma. Umande utaingia kupitia karatasi.

Vinavyodhaniwa kutakasa

Kuchemsha dakika 20 kunaua vingi, lakini spora, zikiwemo za pepopunda, hubaki. Kabati la mwanga wa urujuanimno, lile lenye taa ya bluu, hufika pale tu mwanga unapogusa. Ndani ya bawaba na chini ya kifaa ni kivuli. Kumwagia spiriti na kuwasha moto kunaharibu ugumu wa chuma bila uhakika wowote. Glutaraldehaidi ya asilimia 2 inahitaji saa 10 ili kutakasa, mvuke wake unaumiza macho na mapafu, na kifaa hutoka kikiwa hakina pakiti. Oveni ya joto kavu ni ya kweli: saa 1 kwa nyuzi 170 au saa 2 kwa nyuzi 160, zikihesabiwa baada ya joto kufikiwa, na mlango usifunguliwe katikati kuongeza kifaa kilichosahaulika. Inafaa vyuma, vikavu na visafi. Vitambaa, mpira na hendipisi huungua.

Kupima na kutunza

Tepi ya nje kila pakiti, kiashirio cha ndani kila pakiti, na mara moja kwa wiki kipimo cha spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria mgumu kwa mvuke. Oveni hupimwa kwa Bacillus atrophaeus. Weka kichupa katikati ya mzigo wa kawaida, mahali pagumu mvuke kufika, kisha kiatamishwe, yaani kiwekwe kwenye joto la kuotesha spora zilizobaki hai, pamoja na kingine cha toleo hilohilo ambacho hakikuingia kwenye mashine. Hicho cha pili kisipoota, kipimo chote ni batili. Mashine zenye pampu hupimwa pia kila asubuhi kwa kipimo cha Bowie-Dick, kinachoonyesha kama hewa yote imetolewa, zikiwa tupu, na kwa kipimo cha mrija, kinachoonyesha kama mvuke unafika ndani ya mirija, kama zinatakasa hendipisi.

Kichupa kilichopita kwenye mashine kikiota, mashine isimamishwe. Tazama upakiaji, muda, mpira wa mfuniko, valvu, pima tena. Kikiota mara ya pili, itengenezwe, na pakiti zote zilizopita humo tangu kipimo cha mwisho kilichofaulu zirudishwe. Bila namba za mizigo kwenye daftari hutazijua ni zipi. Mpira wa mfuniko upanguswe kila siku kwa kitambaa chenye unyevu. Chembe moja ya magamba inatosha kuvujisha.

Kabati la pakiti liwe na milango, kavu, sentimita 20 au zaidi kutoka sakafuni, sentimita 5 kutoka ukutani, mbali na sinki. Za zamani zitangulie kutoka. Pakiti hukoma kuwa salama inapolowa, kuchanika, kuanguka sakafuni au kukunjwa kwa kushindiliwa kwenye droo, hata kama tarehe yake ni ya jana.

Ifunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa, kwa mikono iliyooshwa, na kitu cha kwanza kutolewa kiwe kiashirio cha ndani. Kama rangi yake haijafika panapotakiwa, pakiti hiyo inarudi sinki, na zote zenye namba ya mzigo huo zinatolewa kabatini kabla mgonjwa mwingine hajaitwa.